iPhone, Tecno na Kitochi: Nyodo za Mifumo Zilikoanzia na Zinavyoishia Madibira

Ukitaka kuvuruga kijiwe chochote cha vijana mjini, acha siasa, acha Simba na Yanga. Sema tu "iPhone ni simu ya kawaida" halafu kaa pembeni. Povu litakalotoka hapo si la nchi hii. Kambi moja itasema Android ni za wasiojiweza. Nyingine itajibu kwamba nusu ya iPhone za mjini ni madeni yaliyovalishwa kava.

Ugomvi huu haukuanza leo, na wala haukuanza na simu. Ulianza kwenye kompyuta, na kila awamu ilikuwa na mabishoo wake.

Enzi za kupiga window

Tanzania ilichelewa kuingia kwenye mchezo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilipokuja kuondolewa, kompyuta ikawa kitu cha ofisi kubwa: ina chumba chake, ina feni yake, na ina mtu wake ambaye wengine hawaruhusiwi kumsogelea.

Windows 95 ilitoka Agosti 1995, na miaka iliyofuata Windows ndiyo ikawa kompyuta yenyewe machoni pa wengi. Mtaani hakuna aliyesema "kununua Windows". Neno lilikuwa "kupiga window": fundi anakuja na CD yake, unampa chake, mashine inawaka upya.

Pembeni kulikuwa na kikundi kidogo cha watu wa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyekuwa na miaka 21. Mfumo wenyewe ni wa bure, yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. Lakini watumiaji wake hawakuwa rahisi hivyo. Mtu wa Linux alimtazama mtu wa Windows kama dereva anavyomtazama abiria: unafika, sawa, ila hujui gari linavyoendeshwa.

Halafu ukaja mwaka 2004. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kwamba nayo italeta Windows na Office kwa Kiswahili. Oktoba hiyohiyo ikatoka Ubuntu, Linux ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyopewa jina ambalo Mswahili analielewa bila kamusi: utu. CD zake zilitumwa bure kwa posta, duniani kote.

Hapo ndipo ushindani wa mifumo ulipomgusa mtu wa kawaida kwa faida yake. Kambi mbili zinagombana, Kiswahili kinapata meza. Ila wengi waliendelea na Kiingereza, kwa sababu fundi, mwalimu wa kozi ya kompyuta na bosi wote walikuwa wamejifunza kwa Kiingereza. Kujua "File" na "Save" ilikuwa sehemu ya kuonekana msomi.

Nipe pin yako

Kisha nyodo zikahamia mfukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, BlackBerry ndiyo ilikuwa pasi ya kuingilia mjini. Watu walikuwa hawaombani namba, waliombana pin. Mwenye Nokia yake nzuri, yenye chaji ya siku nne, alikuwa nje ya mlango, kwa sababu BBM ilikuwa ya wenye BlackBerry tu.

Oktoba 2013 mlango ukafunguliwa, BBM ikaingia kwenye Android na iPhone. Ilikuwa too late. WhatsApp ilishapita nyumba kwa nyumba, tena ilikubali hadi Nokia zilizokuwa zinachekwa. BBM ya watu wa kawaida ilizimwa tarehe 31 Mei 2019, na hakuna aliyeweka tanga. Klabu ambayo utamu wake ni kuwazuia wengine huwa haina kitu cha kuuza siku mlango ukifunguliwa.

Tecno wa kwanza, iPhone wa pili

Juni 2016 TCRA ilizima simu feki. Watu walipiga *#06# kupata namba ya IMEI, wakaituma kwenda 15090 kujua kama wanabaki hewani. Usiku mmoja ukaweka wazi kwamba baadhi ya "simu kali" za mjini zilikuwa kali kwenye jina tu.

Tecno, iliyokuwa ikisimangwa kuwa ya washamba, ilikuwa imeshika soko kwa jambo moja dogo: laini mbili. Mtanzania ana laini ya bando na laini ya hela, na hataki kubeba simu mbili. iPhone ilikuja kukubali laini mbili Septemba 2018. Kwa hiyo kwenye hilo, aliyechekwa alitangulia kwa miaka.

Na kuna siri ambayo kambi zote mbili hazipendi kuisikia. Android imejengwa juu ya moyo wa Linux, ileile ya wale wenye maringo. Mfumo wa iPhone unatoka kwenye ukoo wa Unix, uliozaliwa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Linux nayo iliandikwa kwa kufuata mfano wa Unix. Yaani vita nzima ya mjini ni mtoto wa mjomba kumcheka mtoto wa shangazi.

Sasa twende Madibira

Madibira iko Mbarali, mkoani Mbeya, jirani kabisa na Iringa kwa upande wa Mafinga. Ni nchi ya mpunga. Skimu yake ya umwagiliaji ina takribani hekta 3,000, ikinywa maji ya Mto Ndembera. Sahani ya wali ya Sinza inaweza kabisa kuwa imetoka huko.

Msimu wa mavuno, mfanyabiashara kutoka mjini anaweza kufika na iPhone ya toleo jipya. Mkulima ana kitochi. Malipo yakifika, mfanyabiashara anapiga *150*00#, na kitochi kinapokea. Menyu ile inatoka kwenye mtandao wa simu, haijali umeshika nini. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na tangu hapo shilingi milioni moja ni milioni ileile kwenye kioo cha laki mbili na kwenye batani zilizofutika namba.

Lakini tusidanganyane kwamba kitochi kinatosha. Mtoto wa mkulima huyo akimaliza kidato cha sita, maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanafanyika mtandaoni. Ajira za serikali, mtandaoni. Kitochi hakifungui hata ukurasa wa kwanza, kwa hiyo anapanda gari kutafuta steshenari. Mwaka 2019 Vodacom ilileta Smart Kitochi, yenye batani na intaneti, kujaribu kuziba pengo hilo. Pengo bado lipo.

Hapo ndipo nyodo zinapoumiza. Kijana anayeona aibu kutoa Tecno mbele za watu anaacha simu aliyoweza kuilipia, anachukua ya mkopo inayojifunga akichelewa rejesho. Kijijini, fedha ya magunia kadhaa inaondoka kwa ajili ya nembo ya tofaa, wakati simu ya kawaida ingefungua fomu zilezile.

Miaka thelathini ya kubishana nani yuko juu, na mstari wa kweli haujawahi kupita kati ya iPhone na Android. Unapita kati ya anayeweza kujaza fomu akiwa kitandani na anayelipa nauli kwenda kuijaza.