Ukoo Uliohama na Vitabu vya Hesabu

Katika mwaka 2013 jirani yetu mmoja wa Biharamulo alitujia jioni, naye ameshika bahasha ya kaki. Mwaka ule serikali ilifanya operesheni iliyoitwa Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ili kuwaondoa wageni waliokaa nchini bila kibali. Jirani yetu naye aliulizwa: Baba yako alizaliwa wapi? Akajibu kama alivyomsikia bibi yake akisema siku zote: "Tulitoka Urundi wakati wenye njaa walipokuwa wakipita, na baba yako nilimbeba mgongoni." Hata alipokwisha kusema ndipo alipoona uzito wa maneno yake. Akatuomba sisi, kwa kuwa twajulikana kuwa watu wa vitabu, tumtafutie kweli ya jambo hili.

Ilitupasa kwanza kujua ni kitu gani tunachotafuta. Sheria ya uraia iliyoanza siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ilimhesabu kuwa raia mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya siku ile, ikiwa baba yake au mama yake naye alizaliwa Tanganyika. Jirani yetu alizaliwa Biharamulo mwaka 1955, na jambo hilo halikuwa na shaka. Mama yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na hilo nalo halikuwa na shaka. Basi shauri lote likamwelekea baba, aliyekwisha kufa, na mtoto yule aliyebebwa mgongoni.

Wengi hudhani kwamba mtu akitaka habari za ukoo wake, atakwenda kuzisoma katika hesabu ya watu. Wazo hili limetoka kwa mataifa mengine, na kwao ni kweli. Tuchukue mfano wa watu wa Ayalandi. Nchi yao ilipigwa na njaa kuu tangu mwaka 1845 hata 1852, viazi vilipooza shambani. Watu yapata milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakapanda merikebu kwenda Marekani, Uingereza na kwingineko. Hesabu ya 1841 ilikuta watu 8,175,124. Ile ya 1851 ikakuta 6,552,385 tu. Leo mjukuu wa watu wale akiwa Marekani hufungua vitabu vya hesabu ya huko, ambavyo tangu 1850 viliandika kila mtu huru kwa jina lake, umri wake na nchi aliyozaliwa. Kitabu cha 1880 kiliongeza mahali walipozaliwa wazazi. Cha 1900 kiliongeza mwaka wa kuingia nchini. Huanza na kitabu kipya, akarudi nyuma miaka kumi kumi, mpaka amfikie yule aliyeshuka melini.

Lakini hata kwao njia hii ina mashimo. Vitabu vingi vya 1890 vya Marekani viliharibiwa kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921. Huko Ayalandi kwenyewe vitabu vya 1861 na 1871 viliharibiwa kwa amri ya serikali, vya 1881 na 1891 vikasagwa wakati wa vita kwa sababu ya upungufu wa karatasi, na vingi vya zamani zaidi vikateketea Dublin mwaka 1922, nyumba ya kumbukumbu ilipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vilivyobaki vizima ni vya 1901 na 1911. Navyo vina kichekesho chake. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70. Basi wengi waliosema miaka 55 katika hesabu ya 1901 walikuwa wamepita 65 sana ilipofika 1911! Tusiwacheke mno. Uandikishaji wa vizazi vyote kwao ulianza mwaka 1864 tu, na mzee asiye na cheti alitafutiwa jina lake katika vitabu vya 1841 na 1851, ili ijulikane kama amefikia umri wa kupewa haki yake. Karatasi za utafutaji ule zingaliko, ingawa vitabu vyenyewe vingi vimekuwa majivu.

Kwetu mambo ni mengine. Hesabu za Tanganyika za miaka ya 1921, 1928 na 1931 zilifanywa kwa njia ya machifu na majumbe, na kilichoandikwa kilikuwa jumla: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Hesabu ya 1948 ilikuwa ya kwanza kufanywa kwa makarani walioenda kwa watu, nayo iliuliza kabila. Lakini majina hayakutafutwa humo. Hesabu ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila. Tena majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kwa sheria. Kinachotolewa kwa watu wote ni jumla.

Na jumla huweza kumpoteza msomaji. Wilaya ya Ngara ilikuwa na watu 334,939 mwaka 2002, na mwaka 2012 wakawa 320,056. Biharamulo ilishuka toka 410,794 hata 323,486. Asiyejua atauliza ni tauni gani iliyopita hapa. Haikupita tauni. Ngara ilikuwa na wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lukole, nao walirudi kwao. Biharamulo ilikatwa mwaka 2005, na Chato ikawa wilaya yake yenyewe. Tena mwishoni mwa Aprili 1994 watu yapata 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Tangu wakati ule, kwa maoni yetu, mgeni wa miaka themanini na mgeni wa jana wametiwa katika neno moja, na ndiyo sababu jirani yetu hakulala.

Basi tuliviacha vitabu vya hesabu ya watu, tukatafuta vitabu viandikavyo majina. Viko vya namna mbili. Cha kwanza ni cha kodi. Sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922 ilimtaka kila mwanamume mzima alipe, naye akapewa stakabadhi; aliyepoteza stakabadhi yake alipata taabu, kwa hiyo wazee waliitunza kuliko nguo. Katika ile bahasha ya kaki tulikuta moja ya babu, imeliwa na mende pembeni, ya Biharamulo, mwaka 1934. Ilitupa jina na mwaka. Mahali alikotoka haikusema.

Cha pili ni kitabu cha ubatizo. Hapo ndipo tulipokaa siku mbili, kwa ruhusa ya padre, maana kutafuta jina katika nchi zetu si kama kutafuta jina la Muayalandi. Kwao jina la ukoo hupita toka baba hata mwana, na shida yao ni kwamba akina John na Mary ni wengi mno. Kwetu katika Bugufi na Busubi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na baba na mwana hawafanani majina hata kidogo; anayewaunga ni kabila la mlango na kumbukumbu ya wazee. Tena karani huandika kama asikiavyo: R ikawa L, na herufi ya mwanzo ikaachwa. Jina la baba wa jirani yetu tulilipita mara mbili bila kulitambua. Lililotuonyesha ni maandishi madogo ya pembeni mwa ukurasa, yaliyoongezwa baadaye, juu ya ndoa yake. Jina la mke lilikuwa la mama yake jirani yetu.

Alibatizwa mtu mzima, mwaka 1947. Penye kabila imeandikwa: Mrundi. Jirani yetu alipolisoma neno hilo aliinuka akataka kutoka. Tukamwomba asome mstari mpaka mwisho. Penye mahali alipozaliwa limeandikwa jina la kilima, kisha: Bugufi.

Hapa ndipo historia inapotufaa. Bugufi zamani ilihesabiwa chini ya mwami wa Urundi. Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi za Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1919, Urundi ilikwenda kwa Wabelgiji, na Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Ilisemewa hata mbele ya Chama cha Mataifa huko Geneva, lakini haikurudishwa. Mtoto aliyezaliwa katika kilima kile yapata mwaka 1928, kabla ya wenye njaa ya Rwanda kupita, alizaliwa katika Tanganyika, ingawa mama yake aliiita nchi yake kwa jina la mwami wake wa zamani. Bibi hakusema uongo, wala karani hakukosea. Walitaja utii, sheria iliuliza mahali.

Twasema wazi kwamba si kila aliyetafuta hupata hivi. Wako waliotoka kweli ng'ambo, na kitabu kitasema hivyo. Nasi hatungeandika neno jingine mahali pake, hata kama mwombaji ni ndugu yetu. Jirani yetu alipewa nakala yenye muhuri, akaitia katika bahasha pamoja na stakabadhi ya babu, akaipeleka alikoulizwa. Ilipokelewa.

Mwaka uliofuata alitaka kukiona kile kilima, tukaenda naye. Watu wa pale waliulizana kwa mlango, wakamtaja babu kabla yeye hajamtaja, wakatuonyesha palipokuwa migomba yake. Toka hapo mpaka waonekana kwa macho, mwendo wa asubuhi moja.