Furaha za Nyumbani: Habari za Kimandolu na Miteremko ya Meru

Vitabu vya jubilii, kama ilivyo desturi, huhesabu makanisa, shule na watu waliobatizwa, na hesabu hizo zina haki yake. Walakini mtu akiwauliza wazee wa Kimandolu juu ya mambo ya kale, hawaanzi na majengo. Huanza na maji, na migomba, na maziwa ya jioni. Nasi twaona yafaa kuziandika habari hizo, kwani zilipata kuvunjwa, na jinsi zilivyofufuka ni historia nayo.

Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini, katika nchi ya nyika, yapata miaka ya 1830, wakakaa miteremko ya kusini na magharibi ya mlima. Wameru walikuwako upande wa mashariki tangu zamani zaidi. Waarusha walisema Kimasai, na ng'ombe waliwapenda kama Wamasai wapendavyo, lakini udongo wa mlima uliwafunga katika kilimo cha migomba, mahindi na maharagwe.

Maji ya mito yaliongozwa mashambani kwa mifereji, nayo mifereji ilichimbwa na kuzibuliwa na watu wote walioitumia. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Mwenye zamu aliondoa udongo na majani aliyozibia mdomo wa shamba lake, maji yakaingia shinani mwa migomba. Na zamu ilipokwisha, aliziba tena, jirani wa chini akapata. Kazi ya kuzibua mfereji ilikuwa nzito, lakini watu waliipenda, kwani hapo ndipo habari zote za mtaa zilipopita, za ndoa, za mifugo, na za aliyemkasirikia mwenzake.

Jikoni kulikuwa na loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando. Wengine hutia ndizi ndani yake, na hapo kila nyumba hudai kwamba njia yake ndiyo ya kweli. Sisi hatuingii katika shauri hilo. Kibuyu cha maziwa kilisafishwa kwa kijinga cha moto cha mti uitwao oloirien, ndio mzeituni wa mwituni, na maziwa yakapata harufu ya moshi ambayo mtu aliyelelewa nayo haisahau hata akienda mji wa mbali. Wazee nao walikaa pamoja na watu wa rika lao, wakanywa pombe ya ndizi. Hatuandiki haya ili kuisifu pombe, ila mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuficha kibuyu.

Akina mama walikuwa na furaha yao sokoni. Walichukua ndizi, mahindi na tumbaku, wakabadilishana na wanawake wa Kimasai waliotoka nyikani na maziwa na ngozi. Ngaramtoni, upande wa magharibi, palikuwa na soko la namna hiyo.

Vitu vingine vya furaha vilitoka Pwani. Misafara ya pembe ilipanda kutoka Pangani, ikapita Meru ikielekea nchi ya Wamasai. Na mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Jumbe Kimemeta, aliyefuatana na Teleki katika safari yake ya mwaka 1887. Wapagazi walileta shanga, waya na nguo ya merikani. Mtu asidhani kwamba wenyeji walipokea kila walicholetewa. Rangi ya shanga ilichaguliwa kwa macho makali, na mfanyabiashara aliyekosea rangi aliweza kurudi nazo baharini, akiwa amewalipa wapagazi bure.

Kisha zikaja siku mbaya. Mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe katika nchi nzima ya Wamasai na majirani zao, na vibuyu vikakauka. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Kapteni Johannes akaja kutoka Moshi na askari wake na wapiganaji wa Kichaga ili kulipiza. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, mifugo ikatekwa. Mwaka 1900 wakuu wa Arusha na Meru walinyongwa, na boma la mawe likasimama mjini kwa kazi ya wenyeji waliolazimishwa.

Aliyeamuru migomba ikatwe alijua kuumiza, lakini mgomba hakuujua vema. Shina likikatwa, kikonyo kilichomo ardhini huchipuka, na watu waliorudi mahameni waliyakuta machipukizi. Wakayapalilia, wakaizibua mifereji, wakaanza tena. Ng'ombe aliyetekwa hachipuki, na kwa hiyo meza ya ndizi ilirudi upesi kuliko kibuyu cha maziwa.

Misheni ilifunguliwa Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Kahawa nayo ikaingia, ikapandwa kivulini mwa migomba ile ile, na reli ilipofika Arusha mwaka 1929 magunia yakapata njia nyepesi ya kushuka. Hapa pana jambo la kuchekesha. Ndugu zetu wa Pwani, wasio na mti wa kahawa, hukaa barazani jioni wakiinywa katika vikombe vidogo, pamoja na kashata. Na sisi tulioilima tuliuza buni zetu, tukarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa.

Siku hizi Kimandolu ni kata ya Jiji la Arusha. Mashamba yamekatwa viwanja, na barabara ya Moshi haina usingizi. Maji hutoka bombani, na ankara hufika kwa jina la mtu mmoja. Watoto wetu hawajui maana ya kumfungulia jirani wa chini. Nyuma ya nyumba nyingi imebaki migomba miwili au mitatu karibu na jiko, wala haitoshi kulisha nyumba. Mahindi ya loshoro hununuliwa sokoni yakiwa yamekwisha kukobolewa mashineni, na maziwa huganda katika ndoo ya plastiki, bila moshi wa oloirien. Bibi mmoja wa mtaa wetu hula akishukuru, kisha husema kwamba ni chakula kizuri, lakini si loshoro.