Binti aliyempiga risasi shujaa wa babake

Hutokea mwandishi wa riwaya za upelelezi akafariki, ila mpelelezi wake akagoma kuzikwa naye. Wasomaji humdai. Wachapishaji nao, kwa vile wanajua hesabu, humsaka mrithi.

Tony Hillerman wa New Mexico, Marekani, alipoaga dunia mwaka wa 2008 aliacha riwaya 18 kuhusu askari wawili wa jamii ya Wanavajo, Joe Leaphorn na Jim Chee. Wakala aliyesoma mswada wa ile ya kwanza alikuwa amemshauri aondoe mambo hayo ya Wahindi Wekundu. Akakataa (bora alivyokataa!), na The Blessing Way ikachapishwa mwaka wa 1970. Kufikia 1987 Wanavajo wenyewe walimtunuku Mzungu huyu heshima ya kuwa rafiki wao wa pekee. Hakimiliki hurithiwa kama shamba. Urafiki wa aina hiyo je?

Bintiye Anne alikuwa mwanahabari ambaye hakuwa amechapisha riwaya hata moja. Mwaka wa 2013 akatoa Spider Woman's Daughter, na hapa ndipo penye utamu. Kitabu hata hakijashika kasi, Leaphorn anapigwa risasi ya kichwa nje ya mkahawa. Hafi, lakini uchunguzi hauwezi tena kuwa wake. Shahidi ni Bernadette Manuelito, askari wa kike ambaye katika vitabu vya baba alijulikana zaidi kama mchumba wa Chee, kisha mkewe. Sasa ndiye anayeibeba hadithi.

Hebu fikiria mtu amlaze Bwana Msa hospitalini mapema hivyo, kisha Najum ndiye afumbue fumbo! Sisi tuliolelewa na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla tungeandamana.

Hata hivyo, naona Anne alifanya jambo la busara. Lau angemwacha Leaphorn aendelee na kazi kama kawaida, kila sentensi yake ingepimwa kwa mizani ya babake. Kwa kumnyamazisha mzee, alijipatia pa kusimama. Watu husema alirithi kalamu. Mimi ningesema aliendeleza kazi, maana kurithi hakuhitaji jasho.

Riwaya hiyo ilishinda Tuzo ya Spur kwa riwaya za kwanza. Leaphorn alipona polepole katika vitabu vilivyofuata, na mfululizo wenyewe sasa huitwa kwa majina matatu: Leaphorn, Chee na Manuelito.