Fleti ya kutazama bahari, na mama wa Majengo

Kampeni zikifika Mombasa, ardhi hairukwi. Mbona? Turudi 1908. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi iliwataka watu wa pwani waje waandikishe madai yao. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakuandikisha, wakabaki maskwota kwao wenyewe.

Ndo maana kisiwani tuna hii "nyumba bila ardhi": kuta zako, kiwanja cha mwingine, kodi ya kiwanja kila mwezi.

Sasa fleti ya kutazama bahari ikiuzwa Kizingo, sheria ya 2020 inampa mnunuzi hati ya fleti yake, hata kama iko ghorofa ya tisa hewani. Asiye raia pia anaruhusiwa, ila kwa kukodi, isizidi miaka 99 (Katiba, kifungu cha 65).

Na mama wa Majengo aliyejijengea kwa jasho lake? Ana risiti za kodi ya kiwanja.