Maji ya Kifua na Lawama za Baridi

Giakanja iko juu, Tetu, upande wa Nyeri unaopanda kuelekea Milima ya Aberdare, na baridi ya Julai huko si ya mchezo. Mtu akishikwa na kichomi na pumzi zikawa fupi, baridi ndiyo hulaumiwa kwanza. Lakini baridi peke yake haijazi maji kifuani.

Maji hayo hayamo ndani ya pafu. Hukusanyika kati ya tando mbili, mmoja umelifunika pafu, mwingine umetanda ndani ya mbavu. Mwenye afya huwa na vijiko vichache tu vya kulainisha. Mgonjwa aweza kubeba lita nzima na zaidi.

Kuyatambua ni elimu ya kale. Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria, alieleza namna ya kugonga kifua kwa vidole: penye hewa hulia, penye maji mlio hufifia. Yametoka wapi? Hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mwaka 1972 Richard Light na wenzake, Marekani, walichapisha kipimo cha kulinganisha protini na kimeng'enya cha LDH katika maji hayo na katika damu. Maji yenye protini kidogo kwa kawaida hutokana na moyo ulioshindwa kusukuma damu, ini lenye makovu au figo zinazovuja. Yenye protini nyingi huonyesha kwamba utando wenyewe umeshambuliwa, iwe ni nimonia, saratani au kifua kikuu, ambacho Kenya hakipaswi kusahauliwa kamwe.

Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya utafiti wa madaktari wa Afrika Mashariki na Uingereza: kifua kikuu cha mapafu kingeweza kutibiwa kwa miezi sita, wakati matibabu ya kawaida yalifika miezi 18. Wagonjwa wa ukanda huu ndio waliouthibitishia ulimwengu. Leo kifua kikuu cha utando nacho hutibiwa kwa miezi sita.

Hatari ni maji haya kukauka yenyewe. Vijidudu ndani yake huwa vichache, darubini mara nyingi haivioni, na mgonjwa hujihisi amepona. Roper na Waring waliwafuatilia wanajeshi 141 wa Marekani waliougua hivyo bila dawa. Ripoti yao ya 1955 ilionyesha kuwa asilimia 65 walipata kifua kikuu baadaye. Katika hospitali za umma za Kenya, dawa za kifua kikuu hutolewa bure.