Maandalizi ya jamii dhidi ya magonjwa ya mlipuko, Kasongo na Kabambare
Kasongo na Kabambare zipo kusini mwa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miaka ya 1970 mradi ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulijenga Kasongo mtandao wa vituo vya afya vinavyotegemea hospitali moja ya rufaa. Utafiti wa mradi huo kuhusu chanjo ya surua ulichapishwa mwaka 1981.

Nguzo kuu ya maandalizi dhidi ya milipuko ni wajumbe wa afya wa kujitolea. Hupita nyumba kwa nyumba, huuliza nani ana homa au vipele, kisha hupeleka taarifa kituoni. Korona ilipothibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, ushauri ulikuwa kunawa mikono; pasipo bomba, kidumu kilichotobolewa hutosha. Ingawa hujitolea, wajumbe hao wa afya wanastahili kulipwa kwa kazi yao.