Kusini, Mwisho wa Waya

Huku Likunja tuna kichuguu chetu. Hakina jina kwenye ramani, lakini kila kijana mwenye simu anakijua. Jioni, jua likishapoa, utatukuta pale juu watatu wanne, mikono imeinuliwa kama watu wanaoomba mvua. Tunatafuta neti. Msimu wa ufuta hata wazee wanatusogelea. Mjomba wangu hana simu ya kupangusa, ana kitochi tu, basi hunituma mimi: "Hebu panda, mpwa wangu, utazame leo ufuta umesimama shilingi ngapi."

Napanda. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, bando linaliwa. Siku nyingine bei inafunguka. Siku nyingine nashuka mikono mitupu, na mjomba anacheka: "Ah, bei ya leo inakuja kwa miguu."

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nianze kuuliza. Kwa nini sisi siku zote tuko mwisho wa waya? Ukiwauliza watu, jibu lao ni jepesi: eti Kusini ni mbali. Mbali na nini, jamani? Mtu wa Likunja hayuko mbali na shamba lake. Nilipoanza kusoma na kuwasikiliza wazee, nikaona jibu lipo kwingine. Waya zilikuja huku mara nyingi, ila kila ulipokuja mmoja, ulikuja kwa shughuli ya mtu mwingine. Shughuli yake ilipokwisha, nao ukaondoka naye.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1879 Waingereza walilaza kebo ya simu chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar. Mwaka 1890 kebo nyingine ikavuka kutoka Zanzibar kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam, kwa ajili ya Wajerumani. Baadaye nguzo zikafuata pwani hadi Kilwa na Lindi. Kilichopita kwenye waya ule ni habari za meli, kodi na askari. Mkulima wa bara hakuwa na neno lake humo. Lakini msidhani wazee wetu walikaa kimya. Kabla ya Vita vya Majimaji kulipuka mwaka 1905, habari za dawa ya maji zilisambaa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu na kijiji kwa kijiji. Serikali yenye waya ilichelewa kujua jambo ambalo watu wasio na waya walikuwa wakilijua. Huo nao ulikuwa mtandao, na wenyewe walikuwa ni wenye nchi.

Halafu ikaja karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Watu wa kwao walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, basi msitu wetu ukang'olewa kwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani kuja Nachingwea, na Mtwara ikapata bandari ya maji marefu. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, hasara ikifika pauni milioni 36 hivi. Reli ilijikongoja miaka kadhaa bila mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Hebu fikiri: nchi imepata uhuru, na sisi tunang'olewa reli. Reli ile ilijengwa ibebe karanga za mwingine. Haikuwahi kuulizwa ingeweza kubeba nini chetu.

Ikabaki Posta. Wazee wanaikumbuka simu ya maandishi, ile ya kulipia kwa neno, ambapo msiba mzima unaubana kwenye maneno matano. Nyie waandishi mnaopenda kurefusha mngepata shule pale! Mwanzoni mwa mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu likagawanywa, ikapatikana TTCL upande wa simu. Mwaka huo huo Mobitel ilianza simu za mkononi Dar es Salaam, zikiwa za wakubwa na wafanyabiashara. Karibu na wakati huo Ruangwa nayo ilimegwa kutoka Nachingwea ikawa wilaya. Tulipata wilaya, mtandao hatukupata.

Intaneti yenyewe iliingia Tanzania katikati ya miaka hiyo ya 1990, tena kupitia angani. Pwani yetu yote ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya kisasa ya baharini. Kila barua pepe ilirushwa na dishi kwenda kwenye setilaiti iliyo juu kilometa 36,000 hivi, kisha ikashushwa Ulaya au Marekani. Njia ndefu namna hiyo inachelewesha, na ni ghali. Ndiyo maana mjini watu walijazana kwenye vibanda vya intaneti wakilipia kwa dakika, huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani.

Mwaka 2009 mambo yakageuka. Julai ile kebo ya SEACOM ilianza kazi, ikateremka nchi kavu Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa kwa mkopo wa China. Nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazobeba habari kwa mwanga, zikafukiwa kandokando ya barabara kuu. Kufikia mwaka 2012 zilikuwa kilometa 7,560. Tukashangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia.

Lakini mkongo ni kama bomba kubwa la maji linalopita barabarani. Kupita kwake si kufika jikoni kwako. Kutoka kwenye mkongo mpaka kwenye simu ya mjomba kunahitajika mnara, mnara unahitaji umeme, na wenye makampuni wanapiga hesabu: hapa kuna wateja wangapi, na wananunua bando la shilingi ngapi? Kijiji kikiwa na nyumba zilizotawanyika, hesabu inakataa. Na hili si letu peke yetu. Ireland, nchi tajiri ya Ulaya, ilikuwa na vijiji vilivyolia miaka mingi kwa kukosa intaneti ya maana, mpaka mwaka 2019 serikali yao ikatia saini mkataba wa kupeleka nyuzi kwenye nyumba, mashamba na biashara zaidi ya nusu milioni ambazo makampuni yalikuwa yameziruka. Kumbe soko likiachiwa peke yake halifiki mwisho wa njia, iwe Ulaya au Ruangwa.

Sisi nasi tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2006, kazi yake ikiwa kuyapa makampuni ruzuku yajenge kule wasikokutaka. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ni hatua kubwa. Ila mnara wa kuongelea tu si mnara wa kufanyia kazi. Kijijini simu inaweza kuita vizuri, na bado ukurasa mmoja ukashindwa kufunguka.

Mtu atasema: kwani kijijini intaneti ya nini, kuangalia vichekesho? Vichekesho tunaviangalia, sikatai. Lakini sikiliza. Tangu mwaka 2024 minada ya ufuta ya mkoa wetu wa Lindi, pamoja na ile ya chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ilianza kuendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, yaani TMX. Mnunuzi anaweka bei akiwa popote alipo, na wakulima wanakubali au wanakataa. Ni jambo zuri, kwani linapunguza ujanja wa kangomba. Sasa jiulize: mnunuzi anaona kila kitu kwenye kioo chake ofisini, na mwenye ufuta anapanda kichuguu. Nani hapo ana nguvu?

Rafiki yangu mmoja alifaulu vizuri. Maombi ya chuo yanafanywa kwenye mtandao. Usiku wa mwisho alikuwa pale pale kichuguuni, kiduara kikizunguka hadi saa sita ikapita, na dirisha likafungwa. Alipoteza mwaka mzima. Hakuna aliyemfukuza shule. Ni kiduara tu.

Na hata waya ukifika, bado kuna mkono unaoushika. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilianza, vijana nchi nzima wakapiga kelele, na serikali ikazisitisha. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mtandao ukazorota huku kote. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku zile Dar es Salaam na Likunja tulikuwa sawa, sote tuko kichuguuni.

Jambo moja hunichekesha kwa uchungu. Chini ya ardhi ya Ruangwa kuna kinywe, madini meusi yanayoacha weusi vidoleni. Ndiyo yanayotengeneza ncha ya penseli, na ndiyo yanayojaza upande mmoja wa betri ya simu. Kwa hiyo anayeandika kwa penseli na anayeandika kwa simu, wote wanatumia kitu kama hiki tunachokikanyaga. Mgodi ukihitaji barabara, barabara itakuja. Swali ni lile lile la reli ya karanga: mzigo ukiisha, tutabaki na nini?

Vijana wenzangu, historia inatufundisha tusishangilie nguzo kabla ya kuuliza. Mnara ukija kijijini kwenu, nendeni kwenye mkutano wa kijiji muulize: una kasi gani, unakula umeme gani, ukizimika anapigiwa nani, na bando la mkulima ni shilingi ngapi? Majibu yaandikeni, na mweke tarehe. Wazee wetu waling'olewa reli, na ni wachache walioandika ilivyokuwa.

Makala haya nayo nimeyatuma kutoka kichuguuni. Yaligoma mara mbili. Mjomba alikuwa chini akinisubiri, akauliza, "Imekwenda?" Nikamwambia imekwenda. Akasema, "Haya, sasa nitazamie ufuta."